Safu Nyekundu

Bwenini, kitanda cha juu karibu na dirisha,
Jumapili, baada ya chai ya jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakujulia hali wewe kabla ya wengine wote kwa kuwa barua hii ni yako, na naomba uisome peke yako kwanza. Ukimaliza utaamua mwenyewe kama Mama aisome au aisikie kwa mdomo wako. Goti linaendeleaje? Mama aliandika kwamba bado unapanda ngazi ukiwa umelifunga kitambaa, na kwamba ukiambiwa upumzike unauliza kama kuta zitajipaka zenyewe. Mama mwenyewe je, kile kikohozi kimemwachia? Na mdogo wangu, yule bingwa wa maswali, jino la mbele limeota au bado anapiga mluzi kila akisema "sasa"? Shangazi umpe pole zangu kwa shughuli ya kuhama. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala kiasi, sina homa. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nikukalie kimya siku zote hizi, na ndiyo yanayonifanya leo niandike mistari miwili, nishuke kitandani, niende dirishani, nirudi, niandike mingine miwili, mpaka msichana wa kitanda cha chini ameniuliza kama nimekalia siafu.

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana, yenye hali ya hewa na alama zangu za hesabu, na haikuwa na neno moja la kweli ndani yake. Niliichana. Ya pili na ya tatu sikumbuki ziliishia wapi. Hii nitaimaliza hata kama mwandiko utaharibika, na wewe unajua ninavyochukia mwandiko ulioharibika.

Habari kubwa ni hii. Mwalimu wetu wa Kilatini amesimamishwa kazi. Bodi ya shule ilikaa Ijumaa, na itakaa tena Jumatatu, siku kumi na tano kuanzia leo, kuamua kama anafukuzwa moja kwa moja. Amefundisha hapa miaka thelathini na mmoja na amebakiza miwili tu astaafu. Hata nyumba anayoishi na mkewe ni ya shule. Wanasema aliwapa wanafunzi wake majibu ndani ya chumba cha mtihani. Hakuwapa, Baba. Nitakueleza yote kwa mpangilio, maana nikianza kurukaruka nitajificha katikati ya maneno.

Mwalimu huyu tunamwita Sine. Ni neno la Kilatini, maana yake "bila," na amelipata kwa sababu ni mtu bila nywele, bila haraka na bila fimbo. Anajua tunamwita hivyo. Siku moja alikuta mtu ameandika ubaoni "Sine yuko wapi?" akajibu kwamba Sine yuko hapa hapa, ila yuko bila chaki, na aliyeificha airudishe kabla hajawa bila mapumziko.

Unanijua mwenyewe. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, ya nyumbani na ya vitabu, na katika zote mbili nikiulizwa kitu mbele ya watu ulimi unaganda. Hapa wananiita Nukta, ati kwa sababu sentensi yangu inaisha kabla haijaanza. Lakini Kilatini nilikipenda tangu wiki ya kwanza, na sababu yake nitakuambia wewe tu: hakuna mtu duniani anayenisubiri nipige naye soga kwa Kilatini. Unakisoma, unakiandika, unanyamaza, na mwalimu anakusifu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni maneno madogo, yale ya "kwa," "bila," "kabla ya," "kutoka." Kwetu ukisema "bila rafiki," rafiki anabaki rafiki. Katika Kilatini jina linalofuata linabadilishwa mkia. Rafiki ni amicus, lakini ukienda kwake inakuwa ad amicum, na ukiwa bila yeye inakuwa sine amico. Kila neno dogo lina amri yake. Mengine yanadai mkia unaoitwa akusativu, mengine yanadai ablativu, na manne yana tabia mbili: ukiwa unaingia mahali yanataka huu, ukiwa umeshatulia ndani yanataka ule. Mwalimu Sine alitufundisha hayo manne kwa kututoa nje. Mmoja anasimama koridoni, anaambiwa aingie, na akiwa anatembea darasa zima linapaza sauti "akusativu!" Akishakaa kitini, "ablativu!" Walimu wa vyumba vya jirani walilalamika. Zamu ya jirani yangu wa dawati ilipofika, alisimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, akakataa kusogea, akamuuliza mwalimu yeye sasa ni kitu gani. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, akasema yeye ni msumbufu, na hiyo haibadiliki mkia.

Huyo jirani yangu tunamwita Kiberiti, kwa jinsi anavyowaka. Ndiye anayekaa nami tangu mwaka jana, na hajawahi kuniuliza kwa nini sisemi. Anasema yeye anaongea kwa watu wawili, kwa hiyo mimi nipumzike. Ila Kilatini kilimshinda. Alikuwa ameanguka mara mbili, na mkuu wa shule alimwambia wazi kwamba akianguka ya tatu hatapanda darasa, afungashe. Kwao kuna mjomba aliyeshamwekea nafasi dukani kwake kupima maharage, na Kiberiti alisema akishaingia nyuma ya ile mizani hatatoka tena. Kila jioni kwenye kamba za nguo alikuwa akikamua sketi yake na kukariri maneno ya ablativu, moja kwa kila mkamuo, mimi nikimsikiliza na kutikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, hapana, rudia.

Sasa nifike kwenye ukuta. Darasa la Kilatini lina jedwali kubwa ukutani, kando ya ubao, lenye maneno hayo yote katika safu tatu. Lilichorwa kabla sijazaliwa, na lilikuwa limefifia kiasi kwamba mtu alisoma kwa kukumbuka kuliko kwa kuona. Mwanzoni mwa muhula Mwalimu Sine aliuliza kama ni kweli baba yangu ni mchora mabango. Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Akasema basi ameshinda bahati nasibu, na akaniuliza kwa adabu, kama anayemuuliza fundi mkubwa, kama nitakubali kulichora upya.

Baba, laiti ungeniona. Jumamosi tatu mfululizo. Nilipiga mistari kwa uzi wa chaki kama unavyopiga wewe, nikashika fimbo ya kuegemeza mkono, nikachora herufi zenye urefu wa kiganja, miguu yake imekaa sawasawa kama wanajeshi. Mtunza stoo alinipa rangi za mafuta zilizobaki: ya buluu waliyopakia tangi la maji, nyekundu ya ndoo za moto, na nyeusi ya madirisha. Akusativu nikaipa buluu, ablativu nyekundu, yale manne yenye tabia mbili nyeusi. Nilipomaliza watu walikuja kutazama hata kutoka madarasa mengine. Mpishi alikuja na mwiko mkononi. Mwalimu Sine alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, akasema sasa anaweza kustaafu, ukuta utafundisha. Kwa siku mbili hivi hakuna aliyeniita Nukta. Waliniita Fundi.

Ukaja mtihani wa mwisho wa muhula, ule unaosimamiwa na mtu kutoka nje. Kanuni yake ni kwamba kuta za chumba ziwe tupu. Ramani zinatolewa, mabango yanabanduliwa. Jedwali langu halibanduki, na chumba kingine cha kutosha hakikuwepo, kwa hiyo mkuu wa shule akaagiza lifutwe kwa rangi nyeupe na litachorwa tena likizo ikiisha. Mwalimu Sine hakubisha. Alinifuata uwanjani akasema anaona aibu kuniomba, lakini kama ni lazima lifunikwe, angependa lifunikwe na mkono uliolichora, si na mtu wa kuja kurusha rangi kama anaosha gari. Nilikubali. Mtunza stoo akaniuliza nahitaji nini. Nikamjibu: ndoo ya rangi nyeupe ya maji na rola, basi.

Nilipaka Jumapili mchana. Saa kumi na moja mkuu wa shule alipita kukagua. Ukuta ulikuwa mweupe kama shati la sare siku ya kwanza. Akanisifu, akaufunga mlango kwa ufunguo.

Jumatatu asubuhi tuliingia, tukakaa. Msimamizi alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti lililombana mabegani, naye alikaa mezani mbele, mgongo wake kwenye ukuta wangu. Karatasi zikagawiwa. Swali la kwanza lilikuwa maneno madogo ishirini: kila moja, andika linatawala mkia upi. Nusu ya maswali yaliyofuata yalitegemea hilo la kwanza. Niliandika bila kufikiri, maana maneno hayo nilikuwa nimeyapitisha kwenye brashi moja moja. Kisha nikainua macho.

Mwanzoni ni kama ukuta ulikuwa umeona haya. Wekundu mwepesi tu, upande mmoja. Lakini jua lilivyozidi kupanda madirishani ndivyo ulivyoendelea kukolea, na baada ya robo saa safu ya ablativu ilikuwa pale yote, ya waridi juu ya nyeupe, neno chini ya neno, herufi zangu zile zile zenye miguu sawasawa. Ya buluu haikutoka. Nyeusi haikutoka. Nyekundu peke yake ndiyo ilijileta. Na ukishajua yenye rangi ni ablativu, Baba, yasiyoonekana ni akusativu, ukiondoa yale manne.

Niliona kichwa kimoja kinainuka, kikainama haraka. Kikainuka kingine. Msichana wa dawati la mbele alianza kufuta alichoandika. Msimamizi alikuwa anakagua orodha ya majina. Kiberiti akainua kichwa. Alitazama ukuta, akanitazama mimi, akatazama tena ukuta. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kabisa: akanyoosha mkono juu, na kabla hajaruhusiwa akasema kwa ile sauti yake ya kuita watu walio ng'ambo ya uwanja, kwamba samahani, ukuta ulio nyuma yako unatoa majibu.

Watu walicheka, kisha wakaacha. Msimamizi aligeuka. Aliutazama ukuta juu mpaka chini na kalamu mdomoni. Akakusanya karatasi zote, akatuambia tutoke tukiwa tumefunga midomo. Mtihani ukafutwa kwa darasa zima, na tutaurudia mwezi ujao.

Hapo ndipo yalipoanza ya kutafuta mwenye kosa. Msimamizi aliandika ripoti kwamba mwalimu wa somo alifunika majibu "kwa namna ya kuyafichua." Mkuu wa shule aliitisha kikao. Mwalimu Sine aliulizwa nani aliagiza rangi ipakwe mara moja tu, na rangi ya aina gani, akajibu kwamba ukuta ni wa darasa lake, kwa hiyo jibu ni lake. Hakunitaja. Alipoulizwa kuhusu mwanafunzi aliyepaka, alisema mtoto alipewa ndoo, akafanya alichoambiwa. Na kila mtu aliona ni sawa. Baba, hakuna hata mmoja aliyenishuku. Matroni alinishika bega akasema pole, kazi yako nzuri imeleta balaa. Mpishi aliniongezea mchuzi.

Aliyebebeshwa lawama bwenini ni Kiberiti. Walimwita Kengele, walimwita Askari. Ukipita naye bwaloni mtu anagonga kijiko kwenye sahani, nao wengine wanaitikia kwa vijiko vyao. Mmoja alimuuliza kwa sauti kama ukuta umemwambia pia leo tunakula nini. Yeye aliwajibu wote, kila mtu jibu lake, lakini usiku nilimsikia juu ya kitanda chake akijigeuza na kujigeuza. Nami nilikaa kimya. Kila mtu alidhani nimekaa kimya kwa sababu ndivyo nilivyo.

Lakini wewe, Baba, umeshajua. Nadhani ulijua tangu niliposema ndoo ya rangi ya maji na rola, basi. Nakuona hapo karakanani ukiishusha barua na kuvua kofia.

Ulinionyesha mwenyewe. Ni mwaka juzi, lile duka la nyama lililogeuka kuwa la mshonaji wa magauni ya harusi. Kijana wako wa wakati ule alifunika herufi za zamani kwa rangi nyeupe ya maji, akaondoka akipiga mluzi, na baada ya siku mbili juu ya magauni yote yale yakatokea maneno NYAMA SAFI. Mshonaji alikuja karakanani na futi yake ya mbao mkononi. Ulikwenda ukaurudia ukuta mwenyewe, ukanichukua. Uliniambia nyekundu ya mafuta ina kiburi, haizimwi kwa rangi ya maji, hata uipake mara tatu itapanda tu ikianza kukauka. Ni lazima uifunge kwanza kwa vanishi, uiache ikauke, ndipo upake nyeupe. Mimi ndiye niliyekushikia kopo la vanishi. Uliniuliza nirudie, nikarudia.

Kwa hiyo nilijua. Stoo kulikuwa na makopo mawili ya vanishi kwenye rafu ya chini, niliyaona, na mtunza stoo aliniuliza mara mbili kama nahitaji kingine. Nilisema hapana. Haikuwa bahati mbaya wala rangi mbovu. Nilipaka nyeupe nikijua kwamba kesho yake nyekundu itapanda.

Utaniuliza kwa nini, wakati mimi mwenyewe maneno yale nilikuwa nayajua yote. Nilifanya kwa ajili ya Kiberiti. Nilimwazia nyuma ya mizani ya mjomba wake. Nilitaka kumwambia asiondoke, kwamba yeye akiondoka sijui nitakaa na nani, na kila nilipofungua mdomo nilisema kitu kingine, kama sabuni imeisha. Nikaona kuna njia ya kumsaidia ambayo haihitaji kuzungumza. Na nitakiri mpaka mwisho: nilipenda pia wazo kwamba darasa zima litapata zawadi kutoka kwangu na mimi nitakaa pale kimya nikiitazama ikifika. Sikumfikiria Mwalimu Sine hata kidogo. Hilo ndilo linaloniamsha.

Nilimwambia Kiberiti Jumatano, kwenye kamba za nguo. Nilimwambia yote, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nimesema maneno mengi hivyo bila kupumzika. Aliitundika sketi aliyokuwa akiikamua. Kisha akaniuliza kama kweli nilimwona mjinga kiasi hicho. Akasema maneno yale alikuwa anayajua yote, alikuwa ameyamaliza kumsomea Mwalimu Sine Jumamosi bila kukosea hata moja, na hakuniambia kwa sababu alitaka nishangae matokeo yakitoka. Akasema ukuta haujamuuma. Kilichomuuma ni kwamba wiki nzima nilisimama pale nikitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, sawa, huku moyoni nimeshaamua kwamba hawezi. Akachukua ndoo yake akaondoka. Jana alirudi kukaa karibu nami kwenye chakula. Hakusema kitu ila kwamba nipitishe chumvi, nikaipitisha kwa mikono miwili.

Ijumaa nikaenda kwenye bodi. Sikuitwa. Niligonga mlango mwenyewe. Walikuwa watano nyuma ya meza ndefu: mkuu wa shule, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, daktari wa meno, na wazee wawili wa kamati. Mwalimu Sine alikuwa ameketi pembeni na kofia yake magotini. Nilikuwa nimeikariri sentensi yangu tangu alfajiri. Ilitoka kama geti lenye kutu, lakini ilitoka: ni mimi, nilijua itatokea, mwalimu hakujua.

Hawakuniamini, Baba.

Walinitazama kwa huruma. Mkuu wa shule aliwaambia wenzake kwamba huyu ni mtoto mzuri, mpole sana, anampenda mwalimu wake. Nilisema tena. Nilieleza mambo ya rangi ya mafuta na rangi ya maji. Daktari wa meno akaniuliza kwa upole msichana wa umri wangu amejulia wapi tabia za rangi. Nikajibu kwamba baba yangu alinifundisha. Akatabasamu vile wanavyotabasamu ukiwaambia jino haliumi. Mzee mmoja alisema hata kama alifundishwa, watoto husahau. Nikawaambia vanishi ilikuwa pale rafuni na mtunza stoo aliniuliza mara mbili kama nahitaji kingine. Wakamwita, akasema hakumbuki, siku ile alihudumia watu kumi. Kiberiti alikuwa amenifuata mpaka mlangoni, akaingiza kichwa akasema ni kweli, kwamba nilimwambia kwa mdomo wangu, wakamtoa. Baadaye alinisema koridoni kwamba tatizo langu nimekaa vizuri miaka miwili mfululizo, sasa hata nikitaka kuwa mkosaji hakuna anayenipa nafasi.

Tulipotoka Mwalimu Sine alinisimamisha, akaniambia nisijichome kwa ajili yake, kwamba yeye ni mtu mzima na uongo wa namna hii, hata ukiwa wa upendo, haumsaidii. Nikamwambia si uongo. Nikamwambia mwalimu, nilijua. Akanitazama. Alivua miwani akaifuta kwa tai, akaivaa, akanitazama tena. Sijui alitafuta nini usoni kwangu, lakini nadhani alikiona, kwa sababu hakusema sawa wala hakusema pole. Alivaa kofia yake akaenda. Yeye sasa ananiamini, na bodi haimsikilizi.

Yule mama mwenye miwani ya mnyororo ndiye peke yake aliyenifuata baadaye. Aliniambia bodi haiwezi kuandika kwamba mwanafunzi anasema alijua. Lakini kama kuna mtu mzima, fundi wa kazi hiyo, atakayethibitisha kwa maandishi kwamba mtoto huyu alifundishwa jambo hili kabla ya siku ile na alilielewa, hapo watalazimika kulifikiria upya. Aliniuliza kama namjua mtu kama huyo. Nilimwambia namjua mmoja.

Ndiyo maana ya barua hii. Salamu zote za juu nilizimaanisha, lakini hiki ndicho nilichokuwa nikikizunguka tangu mstari wa kwanza. Naomba uiandikie bodi. Sema kwamba ulinifundisha mwaka juzi, kwenye ukuta upi, na kwamba niliyarudia maneno yako kwa mdomo wangu. Sema kwamba mtu aliyefundishwa hivyo hawezi kupaka alivyopaka kwa kutojua. Uweke sahihi, na muhuri wa karakana. Uandike kwa mkono wako, usimpe mtu. Usiwaambie mimi ni mtoto. Usinitafutie sababu, hizo nimekupa wewe, si wao.

Najua ninachokuomba. Najua karakanani umebandika picha yangu ya sare karibu na kioo, na kwamba kila mteja anaambiwa huyu ndiye wa Kilatini. Wakikuamini, mimi ndiye nitakayefukuzwa, na ni wewe utakayekuwa umeshika kalamu. Nimejaribu kufikiria njia nyingine ambayo haipiti kwako. Nimezunguka bweni hili usiku na mchana nikiitafuta. Haipo. Mtu mmoja tu duniani ndiye anayeweza kusema nilijua, na mtu huyo ni yule ambaye ningependa kuliko wote asijue.

Mama mpe salamu nyingi, na umwambie sijakonda. Mdogo wangu mwambie swali lake la kwa nini shule ina kengele na kanisa lina kengele nitamjibu nikija, huenda mapema kuliko tulivyopanga. Shangazi naye nitamsaidia kupanga vyombo. Wasalimie majirani wote wanaouliza, na wasiouliza pia.

Posta ya hapa huchukua siku nne kukufikia na siku nne kurudi. Katika zile kumi na tano zinabaki saba. Zitumie kunikasirikia, ni haki yako, ila nakuomba, Baba, usizimalize zote.

Binti yako,
mtoto wako wa kwanza